Chupa Mbili, Mkojo Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa labo, yaani maabara ya hospitali, mzee kutoka mji wa Kilo mwenye kicheko kikubwa, alinipa chupa ya mkojo kabla sijavua koti la mvua.

"Usiogope, mama. Hii njo kazi," alisema. "Bandelette kwanza, kisha mikroskopi."

Bandelette ni kijiti chenye miraba inayobadili rangi mkojo ukiwa na sukari au dalili za usaha. Kisha tuliuzungusha mkojo kwa mashine, mashapo yakatulia chini, tukayatazama kwa darubini tukitafuta usaha na vijidudu. Kazi hiyo niliipenda papo hapo.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya huko Saio, chini ya muuguzi mkuu, titulaire wetu, mama asiyependa kungojeshwa. Siku ya wajawazito, wanawake walijaa benchini wakigawana karanga na habari za wakwe zao.

Siku moja chupa mbili zilinitatiza. Zote zilikuwa na sukari kidogo, rangi ileile, bila usaha. Moja ilikuwa ya Furaha, mwenye mimba ya miezi saba, homa na maumivu ya kiuno. Nyingine ilikuwa ya jirani yake wa nyumbani, Neema, mjamzito pia, aliyejisikia mzima.

"Mukojo ya Furaha iko safi," titulaire alisema. "Arudi nyumbani."

Nilimwomba asubiri, nikaenda benchini.

"Furaha, mukojo hii ulitoa wapi?"

"Yangu inaunguza sana, mama. Niliogopa choo. Neema akanigawulia yake."

"Siye tunasaidianaka," Neema akadakia. "Hata chumvi tunapeanaka!"

Nilicheka hadi machozi, kisha hofu ikanishika. Maambukizi yakipanda kwenye figo, mama anaweza kuzaa kabla ya wakati na kumpoteza mtoto. Nilimbembeleza Furaha mpaka akatoa mkojo wake mwenyewe. Ulijaa usaha. Titulaire alimwanzishia dawa palepale, na Neema tukampima sukari ya damu. Mimba ya Furaha ilifika miezi tisa, akazaa msichana, akampa jina la jirani yake.

Sasa nimestaafu. Vijana wa labo wana kipimo ambacho sisi hatukuwa nacho, cha troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, na mgonjwa wa moyo hujulikana mapema. Ninafurahi, na wivu kidogo ninao.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, msichana yule alikuja na mimba yake ya kwanza, akisindikizwa na mama yake. Nilimpa chupa. Alikawia chooni. Waliporudi, Furaha ndiye aliyeniletea chupa, ameishika kwa mikono miwili.

"Hii iko yake, mama," akasema. "Nilisimama ku mulango ya choo."