Gia Ishirini na Moja na Mlima Mmoja

Nilinunua baiskeli ya gia Kitale, mtumba wa bei nafuu, nikatangaza ofisini Bungoma kwamba blakimamba, zile baiskeli nyeusi nzito zisizo na gia za watu wa bodaboda, ni za kubebea mahindi tu.

Kumbe gia zenyewe sikujua kuzibadilisha, na kuuliza niliona haya. Kila asubuhi, mlima wa kwenda ofisini ukinishinda, Wafula wa bodaboda alinipandisha na blakimamba yake, baiskeli yangu nimeipakata kama mtoto. Nilishukia nyuma ya ua wa ofisi, nikajipaka maji usoni yaonekane jasho, nikaingia nikikanyaga pedeli kwa madaha.

Juzi bosi wetu, aliyetaka kununua kama yangu, akaniuliza mbele ya wote, "Ati huo mlima unapanda na gia gani?"

"Ya saba tu, madam."

Wafula akachungulia mlangoni. "Mzee, umesahau pampu kwa kiti yangu. Kesho nikupandishe saa ile ile?"