Asali Iliyochacha

Gebhard alifugia nyuki kwenye konde la matofaa na mapeasi aliloachiwa na baba yake, pamoja na kanuni moja: kabla ya kurina, tikisa fremu ya masega; ikidondosha, iache, asali haijaiva na itachacha. Kiangazi hiki mvua haikukoma, na sikukuu ya mavuno kanisani ilikaribia. Fremu zilidondosha. Akarina hivyo hivyo, akawagawia majirani.

Wiki ya tatu Walburga wa nyumba ya pili alimsimamisha langoni, chupa mkononi, povu limefura hadi kifunikoni.

"Haya mzee, siku hizi unapika pombe?"

Masikio ya Gebhard yaliwaka moto kwa aibu. Mwaka jana, mbele ya chama kizima cha wafuga nyuki, yeye ndiye aliyemcheka jirani yake Alfons kwa kosa hilihili: "Alfons, hii ni ya kupaka mkate au ya kulewea?"

Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba arudishiwe chupa zake. Ya mwisho ilikuwa kwa Alfons, naye akaileta tupu, imeoshwa ikang'aa.

"Umeimaliza? Haikuwa imechacha?"

"Ilichacha tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iwe nini, ndugu yangu? Najua inavyouma."

Gebhard aliipokea kwa mikono miwili, asiweze kumtazama usoni.

"Mkutano ujao nitasimama niseme. Kosa langu, na lile nililokutendea."

"Sema," Alfons akacheka. "Ila uwaambie mkate nilipaka, sikulewa."

Gebhard alijaribu kucheka naye, akashindwa.