Mupira wa Kutazama Pafu

Sisi wanunuzi wa kahawa wa Butembo hatuamini macho. Gunia likifika, unachukua punje, unaitia chini ya jino. Ikikatika kwa kelele, imekauka. Ikibonyea, mwenyewe airudishe juani. Kwetu Bulengera kila mtu aliuma: mimi, bwana yangu, mama yake, hata wateja. Binti yetu mdogo naye aliuma, akatema, akatangaza, "Ingali mubichi," na watu wazima wakacheka mpaka kushika mbavu. "Huyu njo patron, bosi wetu," walisema.

Kisha binti akashikwa na kikohozi. Siro ya kunywa, sindano, siro nyingine. Homa inashuka, juma linapita, homa inarudi. Kituo cha afya wakasema ni kifua kikuu, ingawa vipimo havikuonyesha kitu. Tukampa dawa zote, asubuhi kwa asubuhi, bila kuruka. Kikohozi hakikuhama.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake. "Ni kilimi cha kooni. Mutafute muzee akikate." Mimi nilishaona mtoto wa jirani aliyekatwa kilimi, alivyotoka damu. Nikakataa. Akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwa heshima, "Ndiyo, mama, mais ule muguu ni wangu."

Tukampeleka binti hospitali kubwa, mama mkwe nyuma yetu akinung'unika. Tulipokelewa na munganga mwanamke mwenye asili ya Kasai, mtu wa sauti ya chini. Alizibandika picha zote za kifua dirishani, za zamani na mpya. Kila picha ilikuwa na doa mahali pale pale, upande wa kuume, chini. Akatuuliza, "Mutoto alishakabwa na kintu?"

Bwana yangu akasema hapana. Mama mkwe akasema hapana. Mimi pia nikasema hapana.

"Hamukuona," alisema. "Donc tuangalie."

Alitueleza. Kuna mupira mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha. Unapitishwa kooni mpaka ndani ya pafu, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Mupira wa kwao ulikuwa wa watu wazima, ungemziba pumzi. Ule wa watoto ulikuwa Beni, kwa munganga mwenzake. Tukichelewa, kile kipande cha pafu kitaoza, na huku kwetu hatujui nani angeweza kukitoa.

Nyumbani bwana yangu akagoma. "Banamulalisha, na kama haamuke?" Alitaka tuanze upya dawa za kifua kikuu. Nilijua ni woga wa baba, na bado nilikasirika, nilikasirika kweli.

"Wewe hununue hata gunia moja bila kujaribu," nilimwambia. "Mutoto wako njo unataka kumutibu kwa kubahatisha?"

Akainuka, akaenda kufunga magunia.

"Kesho tunaenda Beni, mimi na yeye. Ukipenda, lete hasira yako kule."

Alikuja. Tulipanda gari asubuhi, saa ambayo wengine pia wanapita, maana barabara ile mtu hapendi kuwa peke yake. Kwenye bariere mwanajeshi alianza kutuuliza tunaenda wapi, binti akakohoa, na yule mwanajeshi akainua kamba bila kungoja jibu.

Munganga wa Beni alikuwa baba mwenye mikono mikubwa, nikajiuliza itaingiaje kwenye koo dogo vile. Infirmière, yule muuguzi, alipokuja kumchukua, binti aling'ang'ania kitenge changu. Nikamfungua vidole mimi mwenyewe. Sijawahi kufanya kitu nilichokichukia hivyo, na ningekifanya tena. Bwana yangu akatoa rozari. Mimi nilishindwa kusali. Masikio yangu yote yalikuwa kwenye jenereta nje, lisizime.

Munganga akatoka, akateremsha barakoa. "Wazazi, munafanya kazi gani?"

"Tunanunua kahawa," nilisema.

Akafungua kitambaa cha dawa. Ndani mlikuwa na nusu ya punje, nyeusi, imevimba, imezungukwa na usaha. Mupira uliiona, akaivuta kwa koleo dogo. Bwana yangu alikaa chini sakafuni, mtu mzima, mbele ya watu. Nilitaka kumwambia neno kali, na nilikuwa nalo tayari, lakini nilimwona uso nikalimeza.

"Mutoto ataamuka," munganga alisema. "Lakini pafu, sijue. Lilifungwa muda murefu. Linaweza kufunguka, linaweza kukataa."

Basi tukabaki Beni na dawa za usaha. Kila siku nilimfanya binti, ili pafu lifunguke, apulize glavu ya daktari mpaka ijae, apulize tena. Alilia, akaniita mama mubaya. "Sawa, niko mubaya. Puliza," nilisema. Baba yake alitoka nje, hakuweza kutazama.

Siku ya kupima, munganga aliweka chombo chake cha masikio mgongoni kwa binti, kuume, chini. Akatikisa kichwa taratibu, sikujua ni ndiyo au ni hapana. Kisha akakivua, akamvisha bwana yangu masikioni. "Baba, sikiliza."

Bwana yangu akainama.

"Unasikia nini?" niliuliza.

"Pumuzi," alisema. "Inaingia mpaka chini."

"Nipe na mimi."

Hakunipa. Alifumba macho, akaendelea kusikiliza pumzi ya mtoto wake, mpaka munganga mwenyewe akamuomba amurudishie chombo, kuna wagonjwa wengine.