Flashi ya Godbless

Mwanne Bakili ni mtu mpole, na upole wake ulinikera miezi minne mfululizo. Tunafanya kazi ofisi moja, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mimi napokea simu za wateja, yeye ndiye fundi wa mfumo. Mwenye duka akituma mzigo mkoani kwa basi, mfumo wetu humpelekea mpokeaji namba kwa simu yake. Bila namba hiyo wakala wa stendi hatoi mzigo.

Mfumo wenyewe unakaa kwenye kompyuta saba za kukodi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuziona. Ndani yake programu zimefungwa kwenye makontena, si yale ya bandarini, ni vifurushi tu vya programu, na Mwanne anayaongoza yote kwa kuandika amri kwenye laptop yake. Programu ya kuandikia amri hizo inaitwa kubectl. Kuiweka si kazi, aliwahi kunionyesha: unaipakua, unaijaribu kama imekaa sawa, kisha unaipa faili moja lenye ufunguo wa zile kompyuta. Bila faili hilo utaandika mpaka vidole viote sugu, hakuna kitakachokujibu.

Na faili hilo lilikaa kwenye flashi ya Godbless.

Godbless ni mpwa wa bosi. Bosi wetu, Mzee Severine, alianza na duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu, na dukani kwake funguo za makufuli hushikwa na ndugu. Sina ugomvi na hilo. Ila aliuleta utaratibu uleule kwenye mfumo. Kila saa mbili asubuhi Godbless, asiyejua amri hata moja, aliingia na flashi imening'inia shingoni. Mwanne akanakili faili, akaliweka mahali pake, akaziuliza kompyuta zote saba kama zipo. Saa kumi na moja jioni Godbless alisimama nyuma ya kiti cha Mwanne, akasubiri faili lifutwe, akanyoosha mkono kudai flashi yake. Mtu kasomea kazi yake miaka mitatu, halafu anafungiwa kama friji ya soda.

"Hivi unakubalije?" nilimuuliza.

"Dada Klara, mwenzio kazi ninayo. Wangapi hawana?"

Jibu lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli.

Desemba ikafika, na watu wa Kilimanjaro wakaanza kupanda kwao kula Krismasi. Mwanne ni Mwislamu wa Lindi, hana safari. Mimi wa Masasi ninayo, lakini likizo sikupewa. Mzee Severine, naye wa huko, alituaga kwa sentensi moja: "Mwanne, mfumo ukilala mikononi mwako, Januari usije." Kesho yake, tarehe ishirini na mbili, Godbless naye akasubiri faili lifutwe, akachukua flashi, akabeba begi. Mwanne alimwomba aiache.

"Anko hajasema niiache," akajibu, akaondoka nayo.

Tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi, mfumo ukalala. Simu zikaanza. Mama mmoja wa Tunduru alikuwa ameagiza viatu vya watoto kutoka soko la Mchikichini, gunia lake analiona kwa macho nyuma ya wakala, na namba haijafika. Aliniita mwizi. Wa pili alimtukana mama yangu. Mwanne alikaa mbele ya laptop yenye kila kitu isipokuwa lile faili.

"Ni kontena moja tu limekwama," alisema. "Amri moja, nusu dakika." Akampigia Godbless, akaweka sauti ya nje.

"Flashi iko wapi?"

"Ninayo hapa Marangu. Kwani vipi?"

"Mfumo umelala. Nitumie faili."

"Sina kompyuta huku. Halafu anko..."

"Mpe anko simu."

Nyuma yake tulisikia watu wanacheka na mbuzi analia.

"Shikamoo, bosi," Mwanne alisema. "Mfumo ukilala mpaka jioni, mimi sina kazi na wewe huna wateja."

Tukamsikia Mzee: "Godbless, nenda steshenari."

Basi faili alilofichwa Mwanne miezi minne likafunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari ya stendi ya Marangu, ile wanayochapia ratiba za misiba, na dada wa pale akalituma kwa simu yake mwenyewe. Lilifika saa sita na dakika ishirini, na ujumbe: "Dada, faili lako hilo. Nimekubakizia kopi huku, likipotea usihangaike." Nilitamani kuitupa ile simu dirishani.

Mwanne akaliweka faili, akaziuliza kompyuta, zote saba zikajibu. Akaandika amri yake. Namba zikaanza kwenda, na mama wa Tunduru akapata gunia lake. Kuniomba radhi hakupiga. Mwanne hakuinuka kitini. Alitengeneza funguo mpya, akauua ule wa zamani.

Januari Godbless akaingia na flashi shingoni.

"Hiyo haifungui tena," Mwanne alimwambia.

Bosi akatoka ofisini kwake. "Nani kakutuma ubadilishe?"

"Steshenari ya Marangu wana kopi, bosi. Yeyote anayekaa kwenye ile kompyuta anaweza kutuzimia mfumo. Ufunguo wangu uko kwenye laptop yangu, na utabaki humo. Wako huu hapa. Na huu wa Godbless, unaangalia tu, haugusi kitu." Akaweka flashi mbili mezani. Mzee akachukua yake, akarudi ndani.

Saa kumi na moja jioni Mwanne alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha Godbless, akanyoosha mkono kudai flashi. Godbless akageuka kumtafuta mjomba wake, aliyekuwa mlangoni anavaa koti. Mzee Severine aliutazama ule mkono, akafunga kifungo.

"Mpe," akasema.