Alama Mbili za Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikosa alama mbili tu, na hizo zilikuwa za swali la dadu. Bila hizo hesabu hapiti, na asipopita hesabu, chuo cha ubunifu wa mavazi hakimpokei. Atabaki kupunguza suruali za watu mpaka macho yamfe. Akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, hakuwa na mwaka wa kuchezea.

Dadu ilikuwa na pande sita: mbili nyekundu, tatu za kijani, mmoja wa njano. Ukiirusha mara tatu, kuna uwezekano gani wa kupata nyekundu angalau mara moja? Fundi alianza na kukosa: theluthi mbili, mara theluthi mbili, mara theluthi mbili. Nane kati ya ishirini na saba. Zilizobaki kumi na tisa ndizo jibu. Mwalimu wa darasa la watu wazima, mdogo wa mumewe, akamwekea kosa. Mwalimu mwenyewe alijumlisha theluthi tatu, moja kwa kila mrusho, akapata moja.

Siku ya pili fundi akaja na dadu ya mbao aliyoipaka rangi hizo mwenyewe.

“Shemeji, moja maana yake nini?”

“Lazima itokee.”

“Lazima?”

“Lazima, shemeji. Kaa basi tuendelee.”

Akarusha mara tatu. Nyekundu ikatoka. Darasa likacheka. Akarusha tatu nyingine, nyekundu tena. Uso ukamwiva kwa hasira, lakini hakukaa. Akarusha: kijani, njano, kijani.

“Haya, iko wapi hiyo lazima?”

Mwalimu akaiokota dadu, akazihesabu pande zake, labda nyekundu zimepungua. Zilikuwepo zote mbili. Akashusha sauti.

“Yaishe, shemeji. Wewe ni wa nyumbani, nakuongezea mbili.”

Hapo ndipo fundi alipopandwa na mori kwelikweli.

“Sikuja kuongezewa! Ni zangu, nirudishie. Na uandike ubaoni ulipokosea, maana nusu ya darasa wameandika kama wewe, ukawapa vema.”

Jirani yake wa dawati, mmoja wa hao, akamkanyaga mguu anyamaze. Fundi akauvuta mguu wake, akaenda mbele, akachukua chaki na kumnyooshea shemeji yake. Mwalimu akatazama mlango. Mkono wa fundi ukaanza kuuma, hakuushusha.

Mwalimu akaipokea chaki.