Swali la mbuzi wa Lopur limeniacha reserve

Wakuu, ejok! Hapa siongezi chumvi, na hata kutulia niandike vizuri nimeshindwa.

Mimi ni kijana wa Lopur, huku Turkana, baba ni mfugaji. Wiki iliyopita nilienda Lodwar kufanya aptitude test ya scholarship ya clinical medicine. Nafasi chache, watu kibao. Nilikuwa na Chantal, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma tuliyemaliza naye form four.

Sasa zile maswali za logic! Unaondoa choices za ujinga, unabaki na mbili zinafanana kama mapacha.

Ya kwanza: "Kila ikinyesha mjini, mto hufurika. Leo mto umefurika."

B, leo mjini imenyesha.
D, huenda leo mjini imenyesha.

Hapo nilicheka. Nani wa huku hajaona laga, ule mto mkavu, ikijaa maji jua likiwaka, kumbe imenyesha huko milimani? Nikaweka D fasta, nikajiona professor.

Ikafuata: "Mbuzi wote wa Lopur ni weupe. Ekai amenunua mbuzi wa Lopur."

A, mbuzi wa Ekai ni mweupe.
C, huenda mbuzi wa Ekai ni mweupe.

Wakuu, hao mbuzi mimi nimewachunga! Weusi wapo, wa madoadoa wapo. Nikaweka A, nikafuta. Nikaweka C, nikafuta. Mwisho nikasema siwezi kudanganya juu ya mbuzi wa baba. Nikaacha C.

Tulipotoka nikamwambia Chantal. Akashika kichwa.

"Weye nawe! Nani alikuuliza mbuzi ya kwenu? Karatasi ilisema wote ni weupe."

"Lakini ni uongo!"

"Ni uongo yao, hapana yako! Ya mto, karatasi haikusema ni mvua ya mji tu inajaza mto. Ya mbuzi ilisema wote."

Aisee, nilitamani kurudi ndani nifute C.

Matokeo yametoka jana. Chantal ameingia. Mimi ni reserve, wa kwanza kwa line mtu akijitoa. Nahisi ni hiyo swali moja tu, na inaniuma sana. Nimeshika simu tangu asubuhi, namba ngeni ikiingia roho inaruka.

Nilichojifunza: choices zikifanana, tafuta lile neno linalozitofautisha, kisha rudi kwa karatasi. Usirudi nyumbani kwenu. "Huenda" ni ya pale karatasi imeacha mlango wazi.

Saa hii niko zizini, mbuzi mweusi wa baba anatafuna kamba ya kiatu changu. Hata kumfukuza nimeshindwa.

Mliowahi kuwa reserve, hebu semeni ukweli: waliwapigia?