Ruhusa ya Agosti

Jirani yangu hapa Kianda ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Kati yetu kuna ukuta wa bati tu, kwa hivyo namjua zaidi kwa masikio. Ana vidole vyenye vidoa vya cheche, na salamu yake ni kuinua kimoja. Lakini akisonga ugali huongea peke yake, mwiko ukigonga sufuria. Tangu apate kazi mpya Kawangware, kila jioni alikuwa akifanya mazoezi ya kumwambia mdosi kwamba alishapanga kwenda nyumbani Agosti, kabla hata ya kuandikwa. Alijifanya wote wawili. Kwa sauti nzito ya mdosi aliuliza, "Juzi tu umeingia, saa hii unataka ruhusa? Unaenda kufanya nini?" Kisha kwa sauti yake, polepole, "Boss, naenda kumwekea mathe mlango. Nyumba yake bado anaifunga na kamba."

Jana tulikutana tukichota maji. "Nimepewa ruhusa," akaniambia, macho kwenye mtungi. "Mdosi alikuwa kwa simu. Alisema tu, sawa, enda."

"Poa sana," nikasema, nikabeba mtungi wangu.

Jioni mwiko ukaanza kugonga, na sauti nzito ikauliza tena, "Unaenda kufanya nini?" Akaeleza yote: rangi, kitasa, bawaba alizozitengeneza mwenyewe. Mdosi akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya, fundi. Msalimie mama."

"Asante, boss. Zitafika."